Mkono wa Tatu

Mpendae, Unguja
Ijumaa, baada ya sala

Kaka yangu Suhail,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta mzima, na lile joto la Maskati ambalo kila ukipiga simu unalilalamikia kama jirani mbaya litakuwa limekupungukia kidogo. Wifi yangu hajambo? Na watoto wanaendeleaje chuoni? Mwambie mkubwa kuwa ramani aliyomchorea babu yake imefika, tumeibandika ukutani karibu na saa.

Sisi huku hatujambo. Nimeliandika neno hilo kwa mazoea, kisha nikalitazama, nikataka kulifuta. Nimeliacha makusudi, maana ndilo hasa lililonifanya nikae kitako kukuandikia.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Hamid, jirani yetu wa nyumba ya pili, anasafiri kesho kuja huko, nikamwomba anichukulie. Kwenye simu siwezi kusema. Baba huwa ubavuni mwangu, na wewe ukishaisikia sauti yake unafurahi, basi mimi nabaki kumeza mate. Nakuomba urudi nyumbani, Kaka. Si Idi ijayo, wala si mambo yakitengemaa. Urudi sasa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu yatakayofuata mengi ni porojo za vitabu, nisije nikakuchosha ukaiweka barua kando.

Niache niyapange tangu mwanzo, ingawa mengine unayajua. Yalianza na hicho kitabu cha tatu. Viwili vya mwanzo vya *Ufalme wa Mikono Miwili* Baba aliviandika alipostaafu ubwana shamba kule Kizimbani, na unakumbuka tulivyomcheka: mzee mzima anaandika hadithi za uchawi! Sasa wa kuchekwa ni sisi, maana kapata wasomaji, hao vijana wanaojiita Mabawabu, kwa jina la kazi ya Kificho, yule mlinzi wa lango. Wana kundi lao kwenye simu, na kila Alkhamisi alasiri hukutana barazani kwa Ubwa, Mkunazini, wakagombana mpaka kahawa ikapoa. Ubwa anauza vipuri vya pikipiki, lakini ukimsikia anazungumzia sheria za ufalme ule utadhani kasomea ukadhi.

Na sheria zenyewe za ule uchawi wa viungo Baba alizifunga vizuri. Kiungo hakifanyi kazi mpaka aliyekichuma akitie kwa mkono wake katika mkono wa atakayekitumia. Hakuna anayejichumia uchawi wake mwenyewe. Na mwenye kukitumia kiungo, tuseme karafuu, harufu yake haisikii tena mpaka anaingia kaburini. Hapo ndipo Ubwa na Sumaiya, yule mwanafunzi wa chuo mwenye ulimi mkali, walipokosana wiki nzima. Ubwa alitaka kujua Mwanapili, shujaa wa hadithi, ambaye kashatumia mdalasini katika kitabu cha kwanza, aliwezaje kuutambua katika kitabu cha pili uliposagwa pamoja na sumu. Sumaiya akasema aliuonja. Ubwa akamjibu kuwa ulimi usio na pua ni kipofu, na kama hasadiki ale biriani akiwa na mafua. Mimi nilicheka mpaka Baba akaniuliza kuna nini.

Halafu lipo lile kubwa, la mkono wa tatu, ambalo wewe ndiye uliyelizusha. Kiungo kikitumwa kwa mjumbe, kinafika na nguvu zake au kinafika kitupu? Wewe, kwa jina lako la Msomaji wa Maskati, uliandika kuwa kinafika, kwani penye nia ya mtoaji masafa si kitu, na ukaleta ushahidi wa kungumanga ambayo mfalme aliipeleka ngomeni kwa mjumbe. Sumaiya akakujibu kuwa mjumbe yule alikuwa mchumaji mwenyewe, urudi ukasome. Hawajui mpaka leo kuwa wanabishana na mtoto wa mwandishi. Nilikuwa nikiona raha kukutunzia siri hiyo.

Kitabu cha tatu kilipotoka, kila mtu alikiona kigeni. Mto Zari, uliokuwa ukishuka kuelekea mashariki, sasa unashuka magharibi. Kificho, aliyekufa langoni mwisho wa kitabu cha pili tukalia sote, anatokea sura ya nne anaomba kahawa, na hakuna anayeshtuka. Mama yake Mwanapili, aliyekuwa Mwanakheri, sasa anaitwa Riyama.

Mabawabu walitaharuki. Ubwa alisema ni makosa ya mpiga chapa. Ndipo ulipoingia wewe na ule ujumbe wako mrefu. Ukasema mto umegeuka kwa sababu sheria imevunjwa, na Kificho amerudi kwa sababu hakuwahi kupokea kiungo cha mauti kwa mkono wa mchumaji, kwa hiyo mauti yenyewe hayakumkubali. Ama jina la Riyama, ukasema ni jina la siri la yule mama, jina lenye nguvu. Mimi ukaniandikia pembeni kuwa ulilia, kwamba Baba amemuenzi Mama yetu marehemu, mwenye jina hilo, kwa namna ambayo hakuna mwengine angeijua. Kundi zima likakuinamia. Sumaiya, asiyemkubali mtu, alisema kichwa chako kinafaa kukatiwa bima.

Nami nilikuwa nikikusomea Baba, kila alasiri, maneno yako yote. Anayapenda. Hukaa pale kwenye kiti cha uani, anafumba macho, anatikisa kichwa kwa furaha.

Kaka, mimi ndiye niliyekipiga chapa kitabu kile kutoka kwenye mwandiko wake. Nilipofika kwa Kificho na kahawa yake nilimuuliza Baba, akaniambia niandike kama kilivyo. Nilipofika kwa Riyama sikumuuliza. Nilijua. Wakati ule alikuwa kashaanza kutoka chumbani mchana na kuniuliza kama Riyama kashapika. Mara ya kwanza nilidhani amechanganya majina tu, kama wazee wote. Mara nyengine aliniuliza mbona Riyama kakawia sokoni, akasimama mlangoni kumngojea, nami nikasimama naye kwa kuwa sikujua la kufanya. Hakumuenzi Mama, Kaka. Alikuwa akimwita.

Na wewe hukuyajua haya, sikulaumu. Nani angeyajua? Ukipiga simu Baba hukuuliza u hali gani, kazi, wifi, watoto, joto, jirani zako, akakwambia alhamdulillah, akakwambia mvua imenyesha au haikunyesha, akakuombea dua, akanirudishia simu. Umemsikia Baba yako mzima. Lakini hayo ni maamkizi, na maamkizi yetu sisi ni marefu kama unavyoyajua, mtu anaweza kuingia ndani yake akajificha asionekane. Ulimi wake unayajua peke yake. Jaribu siku moja kumuuliza jana alikula nini.

Sasa nakuja kwenye ile Alkhamisi. Mabawabu waliniandama mpaka nikakubali kumpeleka barazani kwa Ubwa awajibu mwenyewe. Nilikubali kwa ujinga wangu, nikidhani pengine kuwasikia kutamchangamsha. Ubwa alikuja kutuchukua na gari ya kuazima. Baba alivaa kanzu yake ya krimu na ile kofia uliyomletea. Watu walijaa baraza mbili na wengine wakatandika jamvi njiani, na Baba akaamkiana nao mmoja mmoja, akauliza watu kwao, akataja mitaa, akafurahisha kila mtu. Nikasema moyoni, inshallah litapita.

Yaliyofuata umeyaona kwenye video waliyoituma kundini. Ubwa alimuuliza vipi Kificho alirudi. Baba akauliza Kificho gani. Ubwa akamsomea ukurasa mzima. Baba akasikiliza kwa makini, kisha akasema kwa upole: "Lakini huyu si kafa langoni? Huyu mwandishi kasahau. Mwambieni taratibu, msimvunje moyo, maana anaandika vizuri." Ulisikia kicheko kilivyopasuka. Sumaiya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ubwa akapiga kelele kuwa huyo ndiye fundi, anajikosoa mwenyewe hadharani. Na wewe uliandika chini ya video: Mzee hana mpinzani.

Halafu Sumaiya akauliza la mkono wa tatu. Hapo, kama uliangalia vizuri, Baba aliitazama mikono yake, ya kulia na ya kushoto, kama anayeangalia kama kanawa. Kisha akasema: "Kikipita mkono wa tatu, hicho ni kiungo cha pilau." Watu wakashangilia tena. Sumaiya akakuandikia papo hapo kuwa umeshindwa kesi, nawe ukajibu kwa kicheko kuwa utakata rufaa.

Video iliishia hapo. Nakupa kilichobaki.

Ndani ya gari Baba alikuwa amekishika kitabu cha tatu mapajani. Tulipofika Michenzani akakigeuza, akasoma jalada, akaniinamia ili Ubwa asisikie. Akaniuliza: "Huyu Abdulrazak Kheir, jina lake kama langu. Mtu wa wapi?" Nilimwambia ni mtu wa hapa hapa Unguja. Akasema alhamdulillah, kumbe tuna watu. Nikageuka nikatazama nje mpaka nyumbani.

Nimempeleka kwa daktari. Alimpima, akamuuliza maswali, na Baba akamuamkia vizuri sana. Daktari aliponitoa nje aliniambia ni maradhi ya kusahau, kwamba yameanza zamani kidogo, kwamba dawa zipo za kuyapunguzia mwendo lakini hayarudi nyuma. Nilimuuliza ana muda gani wa kutujua. Akasema hawezi kuniahidi kitu. Na hili ndilo lililonishinda kukwambia kwenye simu: mimi bado ananijua, siku nyingi. Wewe, Kaka, hakujui tena. Nikimwambia Suhail amepiga, hupokea, huzungumza, na akimaliza huniuliza yule bwana mwenye adabu alikuwa nani. Nisamehe kwa kuliandika hivyo. Nimelizungushazungusha na halina namna nyengine ya kuandikika.

Lakini lipo jengine, nalo ndilo lililonipa nguvu ya kushika kalamu. Msomaji wa Maskati anamjua. Huyo hajamsahau hata siku moja. Kila alasiri huniuliza: "Yule wa Maskati kasema nini leo?" Ukinyamaza kundini hukosa raha. Anasema katika watu wote wanaokisoma kile kitabu, ni huyo tu aliyekiingia ndani, na kwamba mwandishi angekuwa na mtoto wa namna ile asingekuwa na haja ya kuandika kingine. Nilijaribu kumwambia kuwa huyo ni Suhail, ni mwanawe. Akanicheka. Akasema usimzulie mtu, mwana.

Juzi alitoweka. Tulimtafuta mtaa mzima, msikitini, mpaka kiwanja cha mpira. Tukapigiwa simu kutoka Kizimbani: amekaa langoni, anangojea afunguliwe kitalu cha miche, amewaambia nnakwenda kazini, nimechelewa, bwana mkubwa atanuna. Waliomjua walimheshimu, Mungu awalipe. Wakampitisha kwenye mikarafuu atembee kidogo atulie, naye akachuma. Alirudi na leso imejaa karafuu mbichi, ameifumbata kifuani. Nilitaka kumpokea, akarudisha mkono nyuma. Akasema ni za yule wa Maskati, amemchumia yeye, ana jambo la kumthibitishia.

Amezianika mwenyewe uani juu ya mkeka. Nilikwenda kuzipindua jua lilipokuwa kali, akanizuia. Akasema nisitie mkono wangu wa tatu, nitaziharibu. Jina la mwanawe limemtoka, Kaka, na sheria hiyo bado anayo.

Kwa hiyo njoo. Usije ukingoja akulaki kama mwana, usije ukaumia bure. Njoo kama msomaji. Ingia uani, mwamkie, kaa kwenye kile kigoda, mwambie mimi ndiye wa Maskati. Atakutia karafuu mkononi. Labda utakata rufaa yako, labda mtabishana mpaka magharibi, na mimi nitawapikia. Baadaye, ukishazipokea, kama una la kulia utalia chumbani kwangu.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Majirani wote wanakusalimu. Ubwa na Sumaiya nao wanakusalimu bila kujua wanamsalimu nani. Baba amelala sasa, na kabla ya kulala alimsalimu msomaji wa Maskati.

Hamid anapiga hodi, anauliza kama kuna mzigo. Nampa barua. Karafuu simpi.

Mdogo wako akupendaye,
Zuleikha