Breki za Mtani

Mlali, 2 Aprili 2024

Kwako mtani wangu Hashimu, Mnyamwezi uliyepotea njia ya kurudi Tabora,

Shikamoo yako nimeipokea, hata kama hujaitoa. Habari za funga? Natumaini u mzima, na kama umekonda kidogo afadhali, ulikuwa umeanza kunenepa kwa hela zangu. Sisi hatujambo. Pasaka tumekula vizuri. Mke wangu Eufrazia anakusalimu, anasema shemeji ameadimika. Mvua ni hizihizi za kulala nazo na kuamka nazo.

Naandika barua kwa sababu nakupigia hupokei. Karatasi huwezi kuikata. Nimempa Shukuru wa bodaboda akukabidhi mkononi.

Sasa nisikilize. Breki ulizonitengenezea ni za kuchezea watoto. Siku mbili zilishika vizuri, nikakusifu hadi kanisani. Siku ya tatu nateremka na kabichi za watu, nakanyaga, kanyagio linazama mpaka chini kama nimekanyaga uji. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikashusha gia, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, ndiyo likasimama. Taa ya kushoto kwaheri, na viroba vya kabichi vikaporomoka bondeni. Mwenye kabichi, Mama Winfrida, amenisema maneno ambayo hata wewe huyajui.

Hiyo hela iliyobaki sahau, silipi. Tena ungekuwa na haya ungenirudishia na ile niliyotanguliza. Kwani kwenu kila mwenye spana anaitwa fundi?

Nijibu, na matusi yawe mapya, yale ya zamani nimeyachoka.

Mtani wako,
Castory


Mafiga, 5 Aprili 2024

Kwa Castory,

Salamu. Mimi mzima, funga inaendelea. Pole kwa ajali na msalimie shemeji. Simu sikupokea kwa sababu nilijua utanichekesha, na mimi safari hii sitaki kucheka.

Hebu tuweke mambo sawa. Nilipofungua breki zako nilikuta masta, ile inayosukuma mafuta ya breki, imelika kwa ndani. Ikishalika hivyo, ukiitia raba mpya ni kazi bure, mafuta yanapita pembeni. Nikakuambia tununue masta nyingine. Ukasema ghali, weka raba tu, kabichi zikipanda bei utarudi. Nikaweka raba, nikatoa upepo, nikakuambia mbele ya mafundi wote: "Mluguru, na gari hili utazikwa pamoja na kabichi zako, na mimi nitakuwa wa kwanza kufika kula ubwabwa." Gereji nzima ilicheka. Wewe ulicheka kuliko wote, ukasema mimi nitapewa ukoko.

Sikuwa natania, Castory. Nilikuwa nakuambia gari ni bovu. Ila miaka yote hii sijawahi kukuambia neno bila kulitia tusi, sasa siku ile ningeanzaje? Ndivyo kinywa changu kinavyofunguka nikikuona.

Kwa hiyo usiniambie habari za kazi mbovu. Raba nilichukua kwa mkopo dukani kwa Shabbir, na kila nikipita ananiita. Idi inakuja, watoto wanataka nguo. Nilipe changu, halafu ulete gari niweke masta.

Na tangu leo tusitaniane. Mimi fundi, wewe mteja. Pengine tukiongea kama watu wengine tutaelewana.

Fundi Hashimu


Mlali, 11 Aprili 2024

Kwako Hashimu,

Idi njema, wewe na familia. Jana tulikaa kusubiri pilau lenu kama kila mwaka. Watoto walitoka nje kila waliposikia pikipiki. Jioni Eufrazia akasonga ugali, tukala. Kwa mwili sijambo.

Barua yako niliisoma, nikampa Eufrazia naye akaisoma. Akasema, mlipe mwenzako. Nikabisha, unanijua. Kama ulijua gari ni bovu, mbona hukuninyang'anya ufunguo? Ungenishika mkono ukasema, "Castory, wallahi leo sitanii," ningeliacha pale pale, ningepanda mlima kwa miguu. Mtu anajuaje kwamba mtani wake leo ameacha utani? Ulicheka, ukanipa ufunguo, mimi nikaondoka zangu nacheka.

Lakini hilo tuliache, raba nilisema mwenyewe, sikatai. Kilichoniuma ni hilo neno la mteja. Mafundi wamejaa Morogoro, wengine wana gereji zenye sakafu. Mimi nilikuwa nakuja kwako ili nipate mtu wa kunitukana. Huku kila mtu ni mzee Castory, mzee Castory, wananiheshimu mpaka nasinzia. Nikishuka Mafiga, wewe unaniita panya wa mlimani kabla sijazima gari, basi siku yangu inakaa vizuri. Na wewe hilo unalijua, usijifanye.

Hela yako utapata. Jumapili nashusha kabichi za Mama Winfrida kufidia zile zilizoanguka, nitakwenda taratibu kwa gia. Jumatatu asubuhi nakuletea gari na pesa mkononi. Kama hutaki nije, au kama lina ubaya mwingine ambao hukuniambia, nijibu. Shukuru atapita kwako Jumamosi kuchukua jibu.

Mtani wako, utake usitake,
Castory


Mafiga, 22 Mei 2024

Kwako Castory,

Sijui nianze na salamu gani. Hali yako nikiuliza naonekana mjinga. Huku kwangu wazima, watoto wazima, mama yao anakusikitikia kila siku.

Shukuru alipita Jumamosi ile kuchukua jibu. Nikamwambia sina jibu. Mikono ilikuwa na grisi, kalamu iko mezani, hata nikisema nilikuwa na kazi nitakuwa nadanganya. Nilikuwa nimenuna. Nilisema moyoni, acha aje Jumatatu mwenyewe, aombe radhi mbele ya mafundi, halafu tuendelee. Pilau la Idi pia lilikuwepo, mke wangu alilifunga, nikamzuia aliyetaka kuwaletea. Mungu anisamehe.

Jumapili Shukuru huyo huyo akanipigia, anapiga kelele, simwelewi. Mama Winfrida amenieleza mengine hospitali, mkono ukiwa na plasta. Anasema breki zilikataa, gia nayo ikachomoka. Wewe ukamwambia aruke, akaogopa, ukafungua mlango na kumsukuma kwa bega. Ulibaki na gari mpaka mtoni.

Mazishi nilikuja. Nilisimama nyuma ya watu wa mjini, karibu na migomba. Wazee wa ukoo wako walikuwa wananitafuta kwa macho. Mama yako alipofariki niliingia kaburini nikalala, nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo, bibi mkorofi namna hii hawezi kupewa shimo bure. Watu walicheka, wewe ulicheka huku kamasi zinakutoka, na ulipomaliza kucheka ndipo ulipoweza kumzika mama yako. Ndiyo kazi ya mtani na kila mtu pale anaijua. Safari hii shimo lilikaa wazi, watu kimya, wananisubiri, hadi padri akakohoa. Sikuweza, Castory. Nilikiogopa kinywa changu. Utani wa mwisho niliokutania ulikuwa ni ule wa kuzikwa, na masikioni nilikuwa bado nasikia gereji inacheka. Wakakufukia hivyo hivyo. Nilisikia udongo tu.

Tangu siku ile siwezi kufungua breki za mtu. Gari likija nampa fundi mwingine, mimi nashika injini.

Juzi Eufrazia kanipigia. Nilijua sasa nasemwa, nikajiandaa, tena nilitaka anitukane mpaka achoke. Hakunilaumu. Akasema, "Shemeji, mwenzako amezikwa kama mgeni asiye na watu. Jumamosi ni arobaini. Njoo umtukane." Halafu akalia. Na mimi nikalia hapo hapo nje ya gereji, spana mkononi, mwenye gari ananitazama.

Basi nakuja. Haya yafuatayo nayaandika ili niyasome mbele ya watu, maana sauti yangu siiamini. Sikiliza vizuri, usije ukasema hukusikia.

Castory, mwizi mkubwa wewe! Mluguru uliyezaliwa mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi ili usimame kwenye mteremko! Umeona deni limekubana ukaona dawa yake ni kufa? Nani amekupa ruhusa? Babu zangu walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, njia nzima hawakukutana na mdaiwa mwenye mbio kama wewe. Sitoki hapa mpaka nipewe jogoo. Na shati lako la kanisani nalichukua, litanibana, kimbaumbau we, lakini nitalivaa hivyo hivyo na vifungo vikatike. Eufrazia nilitaka nimrithi, ila atanikataa, anajua mimi ni fundi wa namna gani.

Unanyamaza? Wewe? Hujawahi kukosa la kunijibu, hata ukiwa na malaria ulikuwa unanitukana kwa ishara. Watu wote hawa wamenyamaza wanakusubiri, Castory. Mimi nimeshasema yangu. Nitukane na wewe.

Mtani wako,
Hashimu