Kikao cha Kufuta Neno "Mwongo" kwenye Jalada la Mlinzi wa Bonde

CHAMA CHA WAPENZI WA MAROBOTI MAKUBWA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 61 KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI, KATIKA CHUMBA CHA CHEREHANI CHA SHANGAZI

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti: dereva wa kreni, yadi ya makontena
2. Mwalimu: wa fizikia, sekondari
3. Nesi: wodi ya watoto
4. Shangazi: mshonaji, shangazi yake Katibu, mwanachama kwa kuwa chumba ni chake
5. Katibu: karani wa masjala, mwandishi wa kumbukumbu hizi

MWALIKWA
6. Fundi: wa televisheni na redio, mtaani anaitwa Daraja

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
7. Mwoka mikate: yuko zamu. Alituma ujumbe kwamba kura yake ni "ndiyo" kwa jambo lolote litakalofupisha kikao.

KUMB. NA. 1/61: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:25 mchana badala ya saa 8:00, kwa sababu Shangazi alikataa kuondoa suruali za mteja juu ya meza ya televisheni mpaka amalize kuzipinda. Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe wote, akamkaribisha Fundi kwa namna ya pekee, ingawa alikuwa akitazama pasi.

Fundi alikaa kiti cha karibu na mlango. Nesi alimwambia asogee ndani. Fundi alijibu, "Hapa panatosha, dada. Mkinifukuza tena, nisisumbue watu kunipisha." Wajumbe watatu walicheka. Mwenyekiti hakuwa mmoja wao.

KUMB. NA. 2/61: YATOKANAYO NA KIKAO CHA 7

Katibu aliagizwa asome kumbukumbu za Kikao cha 7, cha miaka ishirini na miwili iliyopita. Katibu aliomba zichukuliwe kama zimesomwa. Ombi lilikataliwa. Zilisomwa hivi:

"KUMB. NA. 5/7. Ilioneshwa filamu ya katuni *Mlinzi wa Bonde, Sehemu ya Pili*. Roboti Mlinzi alianguka kwa magoti mtoni, kisha kioo kikajaa chenga mpaka mwisho wa kanda. Fundi alidai kwamba filamu haikuwa imeisha; kwamba wiki moja kabla, akijaribu kanda hiyo karakanani kwake, aliitazama nzima; na kwamba mwishoni Mlinzi analala mtoni na kuwa daraja. Wajumbe walicheka kwa dakika tatu. Fundi alionesha selotepu iliyobandikwa pembeni mwa kanda, akasema kuna mtu amerekodi juu yake. Katibu, aliyekaa na kanda wiki hiyo, alieleza kwamba kanda haikuguswa. Iliazimiwa kwamba Fundi ni mwongo na mvurugaji, na uanachama wake ukome leo."

Kwa faida ya vijana watakaosoma jalada hili, Fundi alieleza kwamba kanda za filamu zilikuwa na tundu dogo pembeni, la kuzuia mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukitaka kurekodi kwa makusudi, unaziba tundu kwa selotepu. "Kwa hiyo selotepu haiendi pale yenyewe," alisema. Katibu aliandika maelezo hayo bila kuinua kichwa.

Mwalimu alikumbusha kwamba azimio la kumfukuza Fundi lilitolewa na Mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti alisema anakumbuka, hajazeeka kiasi hicho. Iingie kwenye kumbukumbu kwamba Mwenyekiti na Fundi walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, walianzisha chama hiki wawili, na tangu Kikao cha 7 hawajapeana hata salamu. Televisheni yake ikiharibika, Mwenyekiti huipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa mji. Jina la Daraja lilianza siku ile kama kejeli, likashika. Siku hizi hata watoto waliozaliwa juzi wanamwita hivyo bila kujua kisa.

KUMB. NA. 3/61: KUITAZAMA FILAMU UPYA

Nesi alieleza kwamba mdogo wake aishiye ng'ambo amemletea diski ya filamu ileile, dakika mia na kumi na nane, safi kabisa. Mwalimu aliuliza kama kuna haja, kwa kuwa mwisho unajulikana. Itakumbukwa kwamba Mwalimu aliwahi kuandika makala ya kurasa kumi na tano iitwayo "Chenga kama Ukimya wa Ulimwengu", iliyosomwa kwenye vikao vinne, akithibitisha kwamba chenga zile ni ubunifu wa hali ya juu. Nesi alimjibu, "Basi tutaziona vizuri zaidi, kaka."

Filamu ilioneshwa. Maoni yafuatayo yalitolewa wakati inaendelea, kinyume cha utaratibu:

Tulipokuwa na miaka ishirini na kitu, tulilalamika kwamba saa nzima ya kwanza haina vita. Rubani wa Mlinzi, aliyekuwa msichana katika Sehemu ya Kwanza, sasa ni mama wa miaka arobaini na sita anayelalamikia magoti. Katika Kikao cha 7 iliandikwa kwamba sehemu hiyo "inapoteza umeme". Leo, rubani alipoanza kupanda ngazi ya kifuani mwa Mlinzi, akasimama hatua ya tatu kuvuta pumzi na kujifanya anakagua kutu, Nesi alisema, "Ndio mimi huyo, ghorofa ya pili, kila asubuhi." Kicheko kilikuwa kikubwa. Hakuna aliyelalamika tena kuhusu umeme.

Mwenyekiti alisema kwamba zamani hakuona jinsi mchoraji alivyojua kazi. Mlinzi akinyanyua behewa, kwanza anapanua miguu, anashusha kiuno, anasubiri mzigo uache kuyumba. "Nyanyua huku unayumba uone. Huyu aliyechora amekaa kwenye kreni, au ameolewa na mtu wa kreni." Ilikubaliwa.

Shangazi alisema koti la rubani limeshonwa mabega vizuri mno kwa katuni.

Katibu anaandika hapa, bila kuagizwa na mtu, kwamba alifurahi. Alikuwa ameogopa filamu hii kwa sababu zake, na bado ilimchukua ikamrudisha kwenye benchi la zamani, goti kwa goti na wenzake, wote wakinyamaza mahali palepale walipokuwa wakinyamaza.

KUMB. NA. 4/61: DAKIKA KUMI NA MOJA

Mlinzi alianguka kwa magoti mtoni. Mwalimu alinyoosha kidole na kusema, "Sasa." Chenga hazikuja.

Mto ulikuwa umefurika na watu wa bonde wamekwama ng'ambo. Rubani alijaribu kumwinua Mlinzi mara tatu. Mkono wa kushoto wa Mlinzi ulikuwa umekufa. Mwenyekiti alisema kwa sauti, "Acha, mama, mzigo huo haunyanyuki kwa mkono mmoja." Rubani naye akaacha. Badala ya kumwinua, alimlaza taratibu, kichwa ukingo huu, miguu ukingo ule, na watu wakaanza kuvuka juu ya mgongo wake, wenye magodoro, wenye watoto, mzee mmoja na saa ya ukutani kwapani.

Picha ya mwisho ni miaka mingi baadaye. Majani yameota mgongoni mwa Mlinzi. Watu wanavuka kwenda kazini wala hawamtazami. Rubani, mvi kichwa kizima, anapita na mfuko wake wa sokoni. Katikati anasimama, anapiga chuma mara mbili kwa kiganja kama mtu anayebisha hodi, anaendelea na safari.

Nesi alilia. Shangazi alizima televisheni.

Fundi alisema, "Ya kubisha hodi nilikuwa nimeisahau."

Mwalimu aliomba iandikwe kwamba, pamoja na yote, chenga zilikuwa na nguvu zaidi. Imeandikwa. Hakuna aliyemuunga mkono. Dakika chache baadaye alionekana akifuta miwani, akasema ni vumbi la vitambaa.

Mwenyekiti alisimama, jambo ambalo si kawaida yake, na kwa mara ya kwanza akamtazama Fundi. Alisema, "Nilikuita mwongo mbele ya watu, kwa hiyo naomba radhi mbele ya watu. Miaka yote hii napita njia ya mferejini ili nisipite mlangoni pako. Viatu vyangu vimekwisha kwa matope."

Fundi alijibu, "Nilikuwa nakuona. Ile njia inapita chini ya dirisha langu la nyuma."

Kikao kilisimama kwa dakika nne kwa sababu ya kicheko. Mwenyekiti alicheka kuliko wote, na Nesi alilazimika kumpigapiga mgongoni.

KUMB. NA. 5/61: NANI ALIFUTA

Kicheko kilipotulia, Mwenyekiti aliuliza swali ambalo Katibu alikuwa akilisubiri kwa miaka ishirini na miwili: kama filamu ilikuwa nzima, nani alirekodi juu yake?

Katibu, yaani mimi, aliweka kalamu chini, kisha akaichukua tena kwa kuwa hakuna mwingine wa kuandika. Alieleza kwamba wiki ile kanda ilikuwa kwake, katika chumba hikihiki. Masjala mpya ilikuwa imezinduliwa, naye alikuwa amesimama nyuma ya mgeni rasmi. Taarifa ya habari ilipoanza, Shangazi alipiga kelele, "Washa mashine, utaonekana!" Kanda iliyokuwa ndani ya mashine ilikuwa ya filamu, imesimamishwa pale Mlinzi alipoanguka. Katibu aliziba tundu kwa selotepu na kurekodi dakika kumi na moja. Alipotazama alichopata, palionekana kilemba cha mke wa mgeni rasmi na, kwa sekunde mbili, sikio la kushoto la Katibu. Kwa aibu alilifuta hilo nalo kwa chaneli isiyo na kitu. Ndizo chenga.

Alieleza pia kwamba katika Kikao cha 7 alipoulizwa alisema kanda haikuguswa, na kwamba uongo huo aliuandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Alisema ameona aibu kila siku aliyofungua jalada. Alisema anamwomba Fundi msamaha, na kwamba hana utetezi.

Shangazi aliulizwa kama alijua. Alijibu, "Sikio nililiona, ni la ukoo wetu. Nilidhani karekodi kwenye kanda ya kuchezea. Wewe mtoto!" Mtoto aliyetajwa ana miaka arobaini na tano.

Mwalimu, ambaye kurasa zake kumi na tano zilikuwa zimegeuka kuwa uhakiki wa sikio la karani, alipendekeza Katibu afukuzwe hapohapo.

Fundi aliomba kuzungumza. Alisema kwamba alijua tangu siku ile. Selotepu ilikuwa ya kahawia, pana, ile ya kufungia majalada, na mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa akitoka kazini nayo. Aliulizwa kwa nini hakusema. Alijibu, "Niseme nani anisikie? Nilishakuwa mwongo kwa azimio."

Aliendelea kwamba naye ana la kukiri. Redio ya Katibu, iliyofikishwa kwake mara nne kwa sababu ya mkwaruzo na mara zote nne kurudi na mkwaruzo, haikuwa na ugonjwa wowote mkubwa. "Ni waya mmoja. Kila mara nilikuwa naukaza, nasikiliza taarifa ya habari, kisha naulegeza tena." Katibu alikiri kwamba kwa miaka yote hiyo alidhani ni hali ya hewa.

Kuhusu kumfukuza Katibu, Fundi alipinga. "Akitoka huyu, nani ataandika kwamba nilisema kweli? Mwalimu? Atatuandikia kurasa kumi na tano."

Pendekezo la Mwalimu lilipigiwa kura likashindwa, hata Mwalimu mwenyewe hakunyoosha mkono. Kura ya Mwoka mikate haikuhesabiwa, kwa kuwa haikujulikana njia ipi ingefupisha kikao.

Iliazimiwa:

(a) Azimio la Kikao cha 7 lifutwe, na uanachama wa Fundi uhesabike kuwa haukuwahi kukoma.

(b) Katibu afanye masahihisho kwenye ukurasa wa zamani kwa mkono wake, mbele ya kikao. Mwalimu alitaka badala ya "mwongo" liandikwe "mkweli". Nesi alitaka "shahidi". Shangazi alisema, "Andikeni alikuwa sahihi, basi, mnarefusha." Liliandikwa la Shangazi.

KUMB. NA. 6/61: JINA LA DARAJA

Nesi alipendekeza wanachama waache kumwita Fundi kwa jina la Daraja, na waombe mtaa mzima ufanye hivyo, kwa kuwa jina lilizaliwa na kejeli. Mwenyekiti aliunga mkono haraka.

Fundi aliwazuia. Alisema kwamba miaka ya mwanzo jina lilimchoma, alikuwa akifunga karakana mapema ili asilisikie. Baadaye wateja wakaanza kuuliza, "Kwa Daraja ni wapi?" na wakafika. Sasa limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na mwanawe shuleni anajiita hivyohivyo. "Liacheni," alisema. "Nilikuwa nangoja tu nanyi mjue ni daraja gani."

Mwenyekiti alinyoosha mkono akagonga bega la Fundi mara mbili kwa kiganja. Jina limebaki.

KUMB. NA. 7/61: KUFUNGA KIKAO

Fundi alihamia kiti cha ndani saa 11:40 jioni. Mwenyekiti alitangaza kwamba hakuna la zaidi, kwamba televisheni yake ina mstari katikati tangu mwezi uliopita na kesho ataipeleka kwa Fundi kwa njia ya mbele, na kwamba watu waende nyumbani. Wajumbe waliendelea kukaa mpaka Shangazi alipodai meza yake.

Kwa ombi la Katibu, kumbukumbu hizi zilisomwa na Fundi kabla ya kutiwa saini. Alizisoma polepole, akarudi mwanzo, akakuta kosa moja. Kwenye orodha ya mahudhurio, neno "mwalikwa" amelikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake ameandika "mwanachama". Katibu amekubali sahihisho hilo.

Saini: ........................
Mwenyekiti

Saini: ........................
Katibu

Saini: ........................
Daraja, aliyekuwepo