Nilimtuza Mpiga Gita Mbele ya Shangazi wa Mchumba Wangu

Bi Lila, shikamoo. Naomba unisaidie, maana tangu Jumamosi nimo matatani na sina wa kumwambia. Mimi kwetu Mombasa, huku ughaibuni Woolwich nafanya kea, kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao, na nimeposwa na Shee wa Stratford, kijana mzuri, ana dini, lakini tangu mshenga alete posa na wazee wakubali, Shee hajanitamkia neno hata moja la mapenzi, kila kitu napata kwa mshenga, hata salamu. Basi Jumamosi kikundi chetu cha akina mama kilipelekwa jumba la sanaa kuona picha za Kihispania za karne ya kumi na nane, na shangazi yake Shee alikuwemo, tukasimama mbele ya picha moja, kijana kakaa majanini anampigia gita msichana mwenye upepeo, msichana ajifanya hasikii lakini shingo yote iko kwake, na nyuma yao mwanamume mwingine kajifunika joho hadi puani, awatazama tu. Hapo chini ya picha palikuwa na mpiga gita wa kweli, Mhispania, akaimba, na dada aliyetuongoza akatufasiria kwamba katika wimbo msichana amwambia mpenzi wake, kama wanitaka sema wewe, usitume watu. Bi Lila, sijui nilipatwa na nini, nikainuka kama niko kwenye taarabu ya harusi, nikaenda kumtuza kwa maringo, noti juu ya gita. Wazungu wakapiga makofi. Shangazi akachukua mkoba wake akaondoka. Sasa mshenga hapokei simu, mama huko Mombasa analia kwamba nimeikataa posa hadharani, wengine wasema nimempenda yule Mhispania, na mimi namtaka Shee, wallahi namtaka. Je, niseme sikuelewa maneno ya wimbo?

Mwanamwema, Woolwich

Marahaba, Mwanamwema. Pole, lakini uongo huo usiuguse. Wimbo ulifasiriwa mbele ya kina mama wote, nawe ni mtoto wa pwani, wajua fika kwamba mtu hainuki kutuza ila maneno yamemgusa. Shangazi naye ajua, ndiyo maana aliondoka.

Kutuza si kosa. Kosa ni kumtangazia mpiga gita, mbele za watu, jambo ambalo Shee hujamwambia hata kwa simu. Wamlaumu hasemi, wewe umesema lini? Kazi ya mshenga ni kufungua mlango, hawezi kupenda kwa niaba yenu.

Leo hii nenda kwa shangazi pamoja na mtu mzima wa kwenu. Muombe radhi kwa aibu uliyomtia, umwambie wazi kwamba Shee wamtaka, ila wataka kumsikia mwenyewe. Mambo ya picha usianze kuyaeleza, utaharibu. Kisha Shee aje kwenu, mkae sebuleni, wazee chumba cha pili, mlango wazi. Muulize: "Wanitaka mimi, au umekubali tu kwa kuwa nimechaguliwa na wazee wako?" Halafu mwache ajibu mwenyewe, usimjibie, maana wanaume wengine wana aibu. Akisema akutaka, fungeni ndoa, na shangazi atapoa.

Asiposema, posa irudi. Utalia, mama atalia, na Woolwich nzima itakusema. Bora hivyo, mwanangu, kuliko kulala miaka kando ya mume ukingoja mshenga akuletee habari zake.