Lipandishe Bungu Kwanza

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Handeni bibi yako mzima, ananisema kama kawaida. Unauliza kama ununue hilo gari kuukuu la turbo, maana wenzako wanakucheka. Mimi walinicheka zaidi nilipotaka kununua kuukuu kama hilo! Lakini mnunuzi wa ng'ombe hanunui aliyelala, lazima kwanza asimame atembee. Basi nikaujaza ukoo mzima garini, nikamwambia muuzaji twende Bungu, mlimani.

"Kaka, utaniulia gari!"

"Likifia njiani ni lako. Likifika ni langu."

Tukapanda, tukiyapita magari mapya, shangazi zako wakipiga vigelegele. Nikalilipia hukohuko juu. Nawe lipandishe hivyo, likifika lichukue. Hao wanaokucheka watagombania kiti cha mbele.

Babu yako, dereva ambaye Handeni haijapata mwingine kama yeye.