Breki mpya, mama mkwe nyuma

Kaka, nimemwangusha mama mkwe.

Nimekaa hapa barazani. Ile pikipiki ya marehemu mzee, si jana fundi alinibadilishia breki ya nyuma? Katoa ile ya zamani, kafunga ya diski. Akaniambia, "Hii gusa tu, usikanyage."

Gusa tu. Nilimsikia kabisa.

Leo nampeleka mama mkwe kliniki. Tunafika getini, mguu ukafanya ulivyozoea, ukakanyaga kama unaua nyoka. Tairi la nyuma likajifunga, likateleza, tukalala ubavu sote wawili.

Hajaumia, kachubuka kiwiko tu. Wala hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonimaliza. Alikaa palepale chini, akavaa kiatu chake kilichomvuka, akauliza imekuwaje. Nikamweleza kwamba ile breki ya zamani ulikuwa unaikanyaga mpaka mwisho ndiyo pikipiki ianze kufikiria kusimama.

Akaniangalia weee. Kisha taratibu, "Kwa hiyo baba, miaka yote hii wajukuu zangu ulikuwa unawapeleka shule kwa breki gani?"

Gusa tu, kaka.

Yuko ndani na binti yake. Nasikia vijiko vya chai tu.