Kuliliwa kwa Zamu

Buffalo, 15 Februari 2015

Mwanangu Aganze,

Pokea salamu zetu nyingi. Sisi huku tuko wazima, papa yako anakusalimia, theluji imefika madirishani lakini tumeshaizoea. Nawe huko Columbus, unakula? Usiniambie tu kwamba unakula, niambie unakula nini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "Mama, niko kazini", nami nasahau nusu ya maneno yangu. Tulikwenda Louisville kumzika Nyarugabo, yule tuliyekaa naye katika kambi ya wakimbizi. Mke wake, Spés, anapanga apatimenti kule Highview. Bon, kilio kikaanza kama kawaida, watu wakajaa mpaka kwenye ngazi, tukaimba. Siku ya pili polisi wakaja. Walisema kwa upole, lakini walisema: kelele basi, na asiyeandikwa kwenye mkataba wa nyumba haruhusiwi kulala humo. Tukahamia ukumbi wa kanisa, nao una saa yake ya kufungwa, na kwa Spés tukawa tunaingia wachache wachache, kwa zamu. Unajua kwetu mjane halali peke yake, wanawake wanatandika mikeka kumzunguka juma zima. Spés alilala peke yake siku zote zile, na sisi tulikuwa wanawake karibu thelathini katika mji uleule.

Jana tu, papa yako akiwa anavua viatu, alisema, "Miye sitaki kuliliwa kwa zamu."

Zile dola elfu thelathini na moja alizolipwa kwa vidole vyake vitatu vilivyokatwa na mashine kiwandani Tonawanda, tulizoweka kwako kwa kuwa wewe ndiye unayejua mambo ya benki, tutafutie nazo nyumba hapa Buffalo. Hata kama ni ya zamani. Iwe yetu tu.

Mama yako,
Nabintu


Columbus, 8 Machi 2015

Mama mpendwa,

Nawasalimu nyote wawili kwa heshima. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi sijambo, nakula wali na maharage, Jumapili kuku, kwa hiyo uridhike.

Nimepiga hesabu ya nyumba siku tatu. Tuseme tumepata ya elfu sitini na tano. Fedha za Papa zinatoka kama malipo ya kwanza na gharama za makaratasi na matengenezo, halafu benki inatukopesha zilizobaki na tunalipa riba miaka thelathini. Juu yake kodi ya mji, bima, paa, mabomba. Rafiki yangu Hakizimana alinunua yake mwaka juzi, mashine ya kupasha joto ikafa Januari, akalipa elfu nne na mia tano, na watoto wakalala na makoti. Ninyi mnalipa mia saba na ishirini kwa mwezi, na kitu kikiharibika mnampigia meneja. Kwa hesabu ya karatasi, kupanga kunawafaa zaidi kwa sasa, na fedha zikae kwenye hisa za makampuni, zikue. Nipe miaka miwili, Mama. Nitawanunulia nyumba bila kupiga magoti benki.

Na Papa ana miaka hamsini na tisa. Tusimpangie kilio mtu aliye hai.

Mwana wako,
Aganze


Buffalo, 24 Mei 2015

Mwanangu Aganze,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi tuko wazima, ila papa yako ana uchovu kidogo, nadhani ni hali ya hewa kubadilika. Nimeacha kazi ya kule kwenye nyumba ya wazee, miguu imechoka nayo, sasa nashinda nyumbani.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Mimi nilitaka kukuandikia maneno makali, yeye akanizuia. Alisema, "Acha mutoto afanye vile alisoma. Sikumusomesha ili mimi nimufundishe." Donc, basi, fanya. Lakini miaka miwili ni mingi, mwanangu. Ukiweza kufupisha, fupisha.

Mama yako,
Nabintu


Columbus, 20 Septemba 2015

Mama mpendwa,

Habari za huko? Natumaini uchovu wa Papa uliisha na joto. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimechelewa kuandika kwa aibu. Mwezi wa nane soko la hisa lilianguka, nanyi labda mlisikia redioni. Zile elfu thelathini na moja zilibaki elfu ishirini na saba. Hazijapotea, bei imeshuka tu, lakini nikiuza leo ndipo zitakuwa zimepotea kweli.

Kwa kuwa uliniomba nifupishe, nimefanya jambo moja. Nimetoa elfu tano nikanunua kinachoitwa opsheni. Nitakueleza kwa lugha ya nyumbani. Ukienda kuposa unatoa kishika uchumba, na tangu hapo binti haposwi na mwingine mpaka siku mliyopatana. Ukifika siku hiyo na mahari, unampata kwa bei mliyokubaliana, hata kama wengine sasa wangetoa ng'ombe mara mbili. Usipofika, kishika uchumba kimeliwa. Basi mimi nimetoa kishika uchumba kwa hisa za kampuni moja ya vifaa vya hospitali, kwa bei ya sasa, iliyo chini. Siku yake ya mwisho ni tarehe 18 Desemba. Bei ikipanda kabla ya hapo, tunarudisha tulichopoteza na zaidi.

Mwambie Papa sijalala usingizi mzuri tangu Agosti. Hapana, usimwambie.

Mwana wako,
Aganze


Buffalo, 25 Oktoba 2015

Mwanangu Aganze,

Nakusalimu sana. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Tumeona nyumba. Iko West Side, mitaa miwili kutoka kanisani, elfu sitini na mbili. Rangi imebanduka na jikoni ni pabaya, lakini chini kuna sebule ndefu na chumba cha kulia vimeungana, mikeka ishirini inaingia. Papa yako aliomba kukaa kidogo kwenye ngazi za mbele. Alikaa karibu saa nzima, mpaka mwenye kutuonyesha akaanza kutazama saa yake. Aliuliza kama mlango ule ni mpana wa kutosha, nami nikamwambia unatosha.

Toa fedha zilizopo, Aganze, hata kama zimepungua. Nakuomba kama mtu anayekuomba maji. Usiniulize sana.

Mama yako,
Nabintu


Columbus, 1 Novemba 2015

Mama mpendwa,

Nashukuru kusikia mko wazima, hilo ndilo kubwa.

Nakuomba nawe univumilie. Bei imeanza kupanda. Nikiuza leo tunapata elfu ishirini na tisa, nikingoja mpaka tarehe 18 Desemba huenda tukavuka thelathini na tano. Ni majuma saba tu. Nyumba za West Side hazikimbii wakati wa baridi, hakuna anayehama kwenye theluji. Kama kungekuwa na ugonjwa au haraka yoyote ningeuza kesho asubuhi. Lakini mko salama, paa liko juu yenu, na kwa majuma saba Papa anapata nyumba na fedha za kutengeneza jikoni.

Mwambie achague rangi.

Mwana wako,
Aganze


Columbus, 19 Desemba 2015

Mama,

Sijui nianzeje. Ni juma moja tu tangu tumzike Papa nikatoka kwako, na kukuuliza habari siwezi.

Jana nimeuza kila kitu. Zimefika dola elfu thelathini na nane na mia mbili. Kila nilichokadiria kimetokea, na nilipoiona ile namba nikaenda chooni kazini nikalia kama mtoto.

Naendelea kujiona mlangoni pako. Meneja alinipa mimi ile karatasi ya onyo juu ya kelele na watu kujaa, kwa kuwa mimi ndiye niliyezungumza naye Kiingereza. Mimi ndiye niliyewaambia wale akina mama wa kanisani wachukue makoti yao, waende, warudi kesho makundi kwa makundi, kumi kumi. Mama Clémence aliniuliza, "Sasa Nabintu atalala na nani?" Nikamjibu kwamba mimi nipo. Nikalala sebuleni, mwanamume mzima, nikakusikia ukilia kupitia ukuta.

Daktari aliniambia ni ini, na kwamba mlijua tangu Mei. Tangu Mei, Mama. Barua zote mbili ulizoandika baada ya kujua zinasema mko wazima. Ningejua siku ileile ningeuza siku ileile. Kwa nini hukuniambia?

Ile nyumba bado haijauzwa, nimepiga simu. Nataka kuinunua sasa, uhamie. Jibu upesi.

Aganze


Buffalo, 17 Januari 2016

Mwanangu Aganze,

Mimi si mzima. Silali, na chakula kinanishinda. Nimeona leo nikuandikie ilivyo.

Umeniuliza kwa nini. Mtoto akiwa mbali haandikiwi ugonjwa, ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alikuwa ananiandikia wako wazima na nyumba imeshachomwa. Papa yako naye alikataza, alisema ukijua utaacha kazi uje kukaa karibu na kitanda. Nilidhani nikisema "nakuomba kama maji" utaelewa. Ulipoandika majuma saba nilishika simu mara mbili nikuambie, nikairudisha mezani. Hilo ni langu, na sitakusingizia wewe. Nina hasira nawe, Aganze, nina hasira na mimi zaidi, na papa yako pia namkasirikia kwa kuwa aliondoka bila kulaumu mtu. Siku mbili kabla hajafa aliniuliza rangi gani inafaa jikoni.

Alililiwa kwa zamu. Walikuja kumi, wakaimba kwa sauti ya chini, wakaenda, wakaja kumi wengine. Wengine walisimama kwenye maegesho na magari yanawaka kwa sababu ya baridi. Najua uliwaambia waondoke na moyo wako unakatika. Nilikuona.

Sasa kuhusu ile nyumba. Usiinunue kwa ajili yangu. Niliomba nyumba ya kumlilia papa yako, na kilio kimekwisha. Kilio hakirudiwi kwa kuwa sasa nafasi imepatikana. Nikiingia katika ile sebule ndefu peke yangu nitafanya nini humo? Fedha zikae hukohuko, ni za vidole vyake, uzilinde, na siku ukioa uamue mwenyewe na mke wako.

Hapa meneja anasema vyumba viwili ni vingi kwa mtu mmoja na pango litapanda. Kuna chumba kimoja ghorofa ya chini kitakuwa wazi mwezi wa tatu, mia tano na arobaini, joto limo ndani ya pango. Nimetia sahihi mwaka mmoja. Kwenye mstari wa majina ya watakaoishi humo nimeandika langu, ule wa pili nimeuacha wazi.

Mama yako,
Nabintu