Vidole vyangu na Albakara

Jumamosi, 6 Rajabu 1303

Chuoni tangu alfajiri. Mvua. Jamvi limelowa, tumebanana upande mmoja, kila mtu anapayuka sura yake. Mimi bado Albakara. Nyingine zote nimezimaliza, hii imenikalia shingoni. Nikirudi nyumbani napaswa kudurusu. Sidurusu. Nafuma. Mfuko huu mpya una macho madogo kuliko yote niliyowahi kufuma, na uzi wa mchikichi nimeusokota mwenyewe. Mjomba wangu ni mvuvi, alinifundisha kwa nyavu zake. Nyavu sizitaki. Mifuko ndiyo naipenda. Siuzi. Naipenda tu.

Jumatatu, 8 Rajabu

Baba mdogo amesema wazi leo. Wiki ijayo anakuja shehe kutoka Kasongo kunisikiliza. Nikiisoma Albakara yote bila kutazama msahafu, Mwalimu atanifanya msaidizi wake hapa Kindu. Nikishindwa, naondoka na msafara wa baba mdogo, pembe za ndovu begani, hadi pwani.

"Umesoma inatosha, mwanangu. Bega yako iko nguvu."

Anasema kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniudhi. Sitaki pwani. Sitaki pembe. Nataka kukaa hapa nifundishe.

Jumatano, 10 Rajabu

Muda hautoshi, nifanyeje? Nimekwenda chuoni na mfuko ndani ya kanzu. Mdomo unasoma, vidole vinafuma chini ya nguo. Ajabu! Aya zimetiririka zenyewe. Palepale ninapokwama kila siku, leo nimepita bila kujua.

Mwalimu akawanyamazisha wote. Mtazameni mwenzenu, akasema, anasoma na huku anavuta tasbihi chini ya kanzu, huo ndio uchaji. Uso uliniwaka. Nikaendelea kusoma. Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani, kisha nikaogopa.

Ijumaa, 12 Rajabu

Baada ya swala mzee mmoja ameniomba nimwombee dua mgongo wake. Mimi! Nimemwombea. Aibu tupu.

Jumapili, 14 Rajabu

Mambo yameharibika. Salumu, ninayekaa naye jamvi moja, alitaka kuiona hiyo tasbihi. Akavuta. Ukatoka mfuko na uzi wake mrefu, mbele ya Mwalimu. Chuo kizima kikaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Bakora nimekula, na mfuko ameuchukua. Anasema atauchoma, eti kazi ya wavuvi na maneno ya Mungu havikai paja moja. Sijapata kuwa na hasira namna hii. Juzi vidole hivi hivi vilikuwa vya mcha Mungu.

Jumanne, 16 Rajabu

Siwezi. Mikono mitupu, na kichwa nacho kitupu. Nafika kwenye ile aya ndefu kuliko zote, nakwama. Narudia, nakwama. Mama amekuja kunitazama.

"Kula kwanza, mutoto wangu."

Sikula. Jioni baba mdogo ameniletea makubazi ya safari. Yamenitosha sawasawa. Nimelia.

Alhamisi, 18 Rajabu

Nimeshinda! Nimeshinda! Ngoja niandike taratibu.

Shehe alikaa katikati, Mwalimu kuliani kwake, baba mdogo mlangoni. Nikaanza, mikono mitupu juu ya mapaja. Mwanzo ukaenda vizuri. Kwenye aya ndefu nikakwama. Nikarudia. Nikakwama tena. Baba mdogo akatazama chini, akinionea huruma. Hapo nikaona liwalo na liwe. Nikamwambia shehe naomba uzi wangu. Uzi gani? Nikamweleza yote, hata habari ya tasbihi. Shehe akamgeukia Mwalimu, na mimi nikajua nimejichimbia kaburi.

Mwalimu akainuka, akaingia ndani. Akatoka na mfuko wangu. Hakuuchoma! Akaniwekea pajani.

"Soma," akasema.

Basi nikasoma. Vidole vikashika macho ya mfuko, ulimi ukafunguka. Ile aya ndefu nimeipita nikiwa nimefumba macho. Shehe alinirusha huku na huku, anaanza aya katikati, mimi namalizia. Anarudi nyuma, namfuata. Anaruka mbele, namkuta. Mpaka adhuhuri. Hakupata kosa hata moja, na alilitafuta, wallahi alilitafuta.

Mwishowe akacheka, akamtazama baba mdogo. Pembe zako, akasema, zitafutie bega jingine.

Baba mdogo ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Amenibeba juu juu mpaka nje, mama akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Salumu kaja kunishika mkono, nimemsamehe papo hapo. Leo ningemsamehe hata mamba wa mto Lualaba. Nimekula sahani ya wali peke yangu, nikaongezwa. Niliweza. Mbele ya watu wote, niliweza.

Jumamosi, 27 Rajabu

Msafara uliondoka juzi. Baba mdogo aliniaga vizuri. Mvua imekatika. Nimepewa wale wanaoanza alifu, wako watulivu kuliko nilivyodhani.

Asubuhi mama mmoja alifika mlangoni na binti yake.

"Salamaleko, mwalimu. Mutoto njo huyu."

Nikageuka kumtafuta Mwalimu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.